Deni Umelipa, Jina Je?

"Shikamoo dada. Mimi ni msomaji wako wa Katandala, hapa hapa Sumbawanga. Mwaka juzi tuliuza ng'ombe wawili wa baba nikamalizia deni lililokuwa limenikaba tangu mwaka 2019. Mwezi uliopita nikaenda benki kuomba mkopo wa mashine ya kukamua alizeti. Afisa aliingiza namba yangu ya NIDA kwenye kompyuta, akanyamaza, akaniambia jina langu lina historia mbaya ya mikopo. Dada, mimi nimelipa! Nilirudi nyumbani nikalala bila kula. Mume wangu sijamwambia. Nifanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Kabla sijasema lolote, nenda jikoni ule. Jambo lako lina dawa, ila dawa yake inamtaka mtu mwenye nguvu za kutembea ofisi hadi ofisi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama mshauri. Mara mbili zilizofuata niliisoma kama mtu aliyewahi kukalia kiti hicho hicho, mikono imeshika bahasha, macho yakimfuata afisa anayeitazama kompyuta. Ngoja nikusimulie yaliyonikuta, kwa sababu ninapata barua za namna hii kutoka Namanyere, Matai, Mpui na Laela, na karibu kila mmoja anayeandika anadhani yuko peke yake.

Mwaka 2017 nilikopa shilingi milioni mbili kwenye kampuni moja ya mikopo. Nia yangu ilikuwa kununua mahindi Laela wakati wa mavuno, niyahifadhi, niuze bei ikipanda. Mnaukumbuka mwaka ule. Mahindi yalikuwa mengi, yakazuiwa kuvuka mpaka, na bei tuliyoitegemea ipande ikawa inashuka kila tulipoamka. Magunia yangu yalikaa stoo mpaka dumuzi wakayaanza. Nililipa marejesho manne, la tano likanishinda. Ndipo nikafanya kosa ambalo hata leo linaniuma kuliko hasara yenyewe: nilizima simu. Nikimwona afisa mikopo sokoni, nakata uchochoro.

Baadaye nilijikaza nikaanza kulipa kidogo kidogo, karibu mwaka mzima. Mara nyingine nilimpa afisa mkononi alipopita na pikipiki. Risiti nyingine alinipa, nyingine aliahidi kuleta. Siku niliyotoa shilingi ya mwisho nilipika wali na kuku, nikamshukuru Mungu, nikajua yamekwisha. Miaka minne ikapita. Siku nilipoomba mkopo benki ndipo nikaambiwa kwamba kwenye taarifa zangu za mikopo nadaiwa bado shilingi 185,000, na siku za kuchelewa zimepita elfu moja.

Siku ile nilijifunza jambo ambalo ningependa kila anayenisoma alishike: kulipa deni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha maandishi nayo yanasema umelipa. Nusu hiyo ya pili hakuna mtu anayekufanyia. Ni yako.

Jina linaandikwa wapi

Zamani mtu aliyeshindwa kulipa mkopo Sumbawanga aliweza kupanda basi, akashuka Mbeya, akakopa upya kama mgeni asiye na habari zake. Mlango huo umefungwa. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006 iliweka msingi, na kanuni zilizotoka mwaka 2012 zikajenga mfumo wenyewe. Benki Kuu ina kanzidata ya taarifa za wakopaji. Benki na taasisi za fedha zenye leseni hupeleka humo habari za mikopo wanayotoa: nani kakopa, kiasi gani, lini, analipaje, kachelewa siku ngapi. Halafu kuna kampuni zilizopewa leseni ya kuchakata taarifa hizo, kama Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania. Hizo ndizo zinazotengeneza ripoti anayoisoma afisa wako kabla hajakujibu.

Watu wengi huogopa kwa kudhani kuna daftari moja kubwa la watu wabaya, na ukishaandikwa humo basi, umekwisha. Haiko hivyo. Ripoti huandika mabaya na mema pia. Rejesho ulilolipa kwa wakati linaandikwa, kama lilivyoandikwa lile ulilochelewesha. Tena kampuni ya taarifa haisemi upewe mkopo au unyimwe. Yenyewe inaonyesha historia tu, uamuzi ni wa mkopeshaji. Ndiyo maana mmoja anaweza kukukatalia na mwingine akakusikiliza ukimweleza vizuri na ukamwekea karatasi mezani.

Kuna neno mtalisikia benki: mkopo chechefu. Kwa benki, malipo yakichelewa zaidi ya siku 90, mkopo wako umeingia kundi hilo. Na kuna neno jingine linalowadanganya watu: mkopo kufutwa vitabuni. Mama mmoja alinipigia simu akishangilia kwamba benki imemfutia deni. Sikupenda kumkatisha furaha, lakini ilibidi. Benki ikifuta mkopo kwenye vitabu vyake, inapanga hesabu zake tu. Wewe bado unadaiwa, na kwenye ripoti doa linabaki mpaka ulipe au mwafikiane kwa maandishi.

Soma kwanza

Mdogo wangu wa Katandala, hatua yako ya kwanza ni kurudi benki ileile iliyokukatalia. Najua miguu itakuwa mizito. Nenda asubuhi, vaa vizuri, msalimie afisa, umuulize kwa upole mambo mawili: mkopeshaji gani ameandika habari hizo mbaya, na ripoti imetoka kampuni gani. Una haki ya kujua kwa nini umekataliwa. Kisha omba ripoti yako kwenye kampuni hiyo. Ofisi za kampuni hizi ziko Dar es Salaam, lakini usikate tiketi ya basi. Wasiliana nao kwa simu au barua pepe, waulize gharama na utaratibu, na uwe na kitambulisho chako cha taifa karibu.

Ripoti ikifika, kaa nayo mahali penye utulivu, kalamu mkononi. Anza na jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na jina la ubatizo kwenye cheti cha shule, la ukoo kwenye kitambulisho, na la mume kwenye laini ya simu. Majina yakichanganyika, na madeni yanaweza kuchanganyika. Kisha pita kwenye mikopo, mmoja mmoja. Ulikopa lini? Kiasi gani? Salio linasomeka ngapi? Siku za kuchelewa ni ngapi? Mkopo umefungwa au uko wazi? Angalia pia nani ameomba kuisoma ripoti yako. Ukiona jina la mkopeshaji usiyewahi kumkaribia, liwekee alama.

Ukimaliza, gawanya madeni hayo mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni deni lako ulilolilipa, lakini ripoti haina habari. Hili ndilo lako wewe, na lilikuwa langu. Tafuta kila ushahidi: risiti, kumbukumbu za malipo kwenye simu, taarifa ya akaunti yako ya benki. Kama ulilipa kwa simu na ujumbe umefutika, mtandao wako unaweza kukutolea taarifa ya miamala. Andika barua kwa yule aliyekukopesha, si kwa kampuni ya taarifa peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyepeleka habari na yeye ndiye anayepaswa kuzirekebisha. Barua iwe fupi: jina lako, namba ya mkopo, tarehe uliyomaliza, unachoomba. Unaomba vitu viwili, barua ya kuthibitisha kwamba umemaliza mkopo, na marekebisho ya taarifa zako. Toa nakala mbili. Moja waachie, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa uondoke nayo. Muhuri huo ni mdogo, lakini siku moja utakusemea.

Mimi risiti zangu zilikuwa mbili kati ya tano. Nilipekua kabati, mikoba ya zamani, mpaka ndani ya Biblia ya marehemu mama, nikapata ya tatu. Kwa malipo mawili yaliyobaki sikuwa na kitu cha kuonyesha. Nililia, kisha nikalipa mara ya pili. Nakuambia hili ili wewe usilipie funzo hilo: fedha ya mkopo haiwekwi mkononi mwa mtu, hata kama anaimba nawe kwaya. Iende kwenye akaunti ya kampuni au namba ya malipo yenye jina la kampuni, na ujumbe uuhifadhi.

Fungu la pili ni deni lako ambalo hujalimaliza. Hapa ujasiri unaotakiwa ni wa kuwaendea mwenyewe kabla hawajakufuata. Nenda na namba uliyoipigia hesabu nyumbani: "Naweza shilingi elfu hamsini kwa mwezi, na mwezi wa saba baada ya kuuza mahindi nitaongeza laki tatu." Mkopeshaji aliyekata tamaa na deni anaweza kukubali kupanga upya marejesho, na wakati mwingine kupunguza adhabu na riba ili apate chake. Kenya, Novemba 2022, Benki Kuu yao ilitangaza mpango wa wakopaji wa mikopo midogo ya simu waliokuwa wameshindwa kulipa: wakopeshaji wapunguze angalau nusu ya deni, na mkopaji apewe miezi ya kulipa nusu iliyobaki. Sikuambii ukae usubiri mpango kama huo hapa. Nakuambia uone kwamba hata wakopeshaji wakubwa hujua nusu iliyo mkononi ni bora kuliko deni zima lililo kwenye kompyuta. Omba. Wakikubali, makubaliano yaandikwe na kusainiwa kabla hujatoa hata senti.

Fungu la tatu ni deni lisilo lako. Labda majina yamefanana, labda kitambulisho chako kiliazimwa, labda laini iliyosajiliwa kwa jina lako ilitumiwa na mwingine. Usilipe ili yaishe. Ukilipa umekubali. Andika pingamizi kwa mkopeshaji na kwa kampuni ya taarifa, ueleze kwamba deni silo lako na uombe lichunguzwe. Kama unashuku kitambulisho chako kimetumiwa, ripoti polisi upate na karatasi yake.

Na kama mkopeshaji anakupiga chenga, usikwame hapo. Tangu mwaka 2019 tuna kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Unaanza kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi. Usiporidhika unakwenda Benki Kuu. Tawi la Benki Kuu lililo karibu nasi liko Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma, lakini Benki Kuu ina mfumo wa mtandaoni wa kupokea malalamiko unaoitwa Sema na BoT. Ile nakala yenye muhuri ndiyo utakayoiambatisha.

Wale wanaosema wanasafisha majina

Mkishasambaza habari kwamba jina limeharibika, atatokea mtu. Atakuambia ana ndugu yake Dar es Salaam anayefanya kazi "kwenye mfumo", umpe laki mbili na namba yako ya NIDA, kesho jina jeupe. Wadogo zangu, hakuna mtu wa namna hiyo. Habari ya kweli haifutwi kwa pesa ya pembeni, na habari ya uongo inarekebishwa kwa barua yako mwenyewe. Ukimpa namba ya kitambulisho umempa njia ya kukopa kwa jina lako. Umekwenda kutafuta tiba ukarudi na ugonjwa wa pili.

Na hili naliomba kwa magoti: usikope kausha damu ili ulipe benki. Nimewaona wanawake wenzangu wakifukua shimo huku ili wafukie kule. Mikopo ile ya mtaani huenda isionekane kwenye ripoti, ndiyo maana inavutia, lakini itakuchukulia kitanda, televisheni na usingizi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayekopesha kibiashara awe na leseni, na Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wasiopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekutoza asilimia 20 kwa mwezi na kushikilia kadi yako ya benki anakukosea, hata kama ni jirani na anakuita dada.

Elfu thelathini ya kwenye simu

Msomaji wa Namanyere ameniuliza: "Dada, hivi kweli mkopo wa elfu thelathini wa kwenye simu unaweza kunizuia mkopo wa milioni tano?" Unaweza, mdogo wangu. Nyuma ya mikopo mingi ya simu iko benki yenye leseni. M-Pawa, iliyoanza mwaka 2014, ni mfano: simu ni ya Vodacom, lakini mkopo ulikuwa wa benki. Mtu anakopa elfu thelathini, laini inapotea, anasajili nyingine, anasahau. Benki haijasahau. Kama una laini ya zamani uliyoitupa ikiwa na mkopo, ulizia leo salio lake ni kiasi gani. Deni dogo ndilo rahisi kulifunga na ndilo linaloaibisha zaidi ukikataliwa kwa ajili yake.

Programu za mikopo za mtandaoni nazo zina habari yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha ambazo hazikuwa na kibali. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hii huchukua majina yote kwenye simu yako, na ukichelewa wanamtumia ujumbe mama mkwe, mchungaji na mwajiri wako. Deni ni lako na ulilipe, lakini aibu hiyo hawana haki ya kukupa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Hifadhi zile jumbe, usizifute kwa hasira. Ni ushahidi.

Mwalimu na mdhamini

Walimu wangu wa Nkasi na Kalambo, ninyi mna deni ambalo wengi hulihesabu kama si deni: mkopo wa chuo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na ukiajiriwa mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara. Tatizo liko kwa aliyemaliza chuo akakaa miaka kadhaa bila ajira rasmi, au anayefundisha shule binafsi ambako makato hayapelekwi. Huyu asidhani serikali imemsahau. Omba taarifa ya deni lako leo. Kama mara ya mwisho uliiona zamani ukaogopa, iangalie tena: mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa. Huenda namba inayokukimbiza kichwani ni kubwa kuliko iliyopo.

Na mdhamini. Ukiweka saini kumdhamini mwenzako kwenye mkopo, umesema "asipolipa nitalipa". Katika vikundi tunawekeana saini kwa sababu ya huruma na kwa sababu ya kuogopa kuitwa wachoyo. Kabla hujasaini, jiulize kama ungeweza kulilipa deni lile peke yako bila kumchukia. Kama jibu ni hapana, mpe elfu kumi ya zawadi, umwombe radhi. Urafiki utapona haraka zaidi.

Kalenda ya mkopo na kalenda ya shamba

Nimeacha jambo hili lije hapa kwa sababu ndilo linalotuangusha wengi wa nyanda hizi kuliko uvivu au ulaghai. Ufipa tuna msimu mmoja wa mvua. Zinaanza Novemba, zinaisha Aprili, na mahindi tunayaingiza ghalani kuanzia Juni. Mwenye mkopo anakuja na marejesho ya kila wiki, kana kwamba kila Jumatatu kuna mavuno. Januari, wakati ghala linaelekea ukingoni, ada za shule zinadaiwa na mbolea ya kukuzia inatakiwa, ndipo na rejesho linagonga mlango. Mkulima anauza mbuzi, halafu sufuria, halafu anazima simu kama nilivyozima mimi.

Kwa hiyo kabla ya kukopa tena, na nina hakika siku moja utakopa tena, zungumzia kalenda kwanza, kiasi baadaye. Mwambie afisa: mimi fedha yangu inaingia Juni hadi Septemba. Omba rejesho kubwa liangukie miezi hiyo na dogo sana, la kujilipia kwa kuku na mboga, liangukie masika. Tena usikubali tarehe ya mwisho iwe Juni yenyewe, maana utalazimika kuuza gunia siku ambayo kila mtu anauza na bei iko chini kabisa. Vuta angalau miezi miwili mbele. Asiyekubali kusikiliza kalenda yako, mshukuru, uondoke. Mkopo usiofanana na mapato yako ni chechefu tangu siku unaposaini, ila hujajua tu.

Kurudisha sifa huanza na kidogo. Mimi sikurudi benki moja kwa moja. Nilijiunga na SACCOS, nikaweka akiba kwa mwaka, nikakopa laki tatu ambazo kwa kweli ningeweza kuishi bila hizo, nikazilipa kabla ya tarehe. Nikakopa laki sita, nikalipa. Kikoba cha mtaani kinafundisha nidhamu hiyohiyo, lakini ulizia kama mkopeshaji wako mpya anapeleka taarifa kwenye kanzidata, kwa sababu wema usioandikwa popote hautakusaidia mbele ya kompyuta ile. Niliporudi benki mwaka wa tatu, kosa langu la 2017 lilikuwa bado linaonekana. Afisa aliliona. Kisha akaona mistari iliyofuata, akaniuliza, "Hapa katikati kulitokea nini?" Nikamweleza ukweli wote, pamoja na ile simu niliyoizima. Nilipewa mkopo. Ulikuwa mdogo kuliko nilioomba, na niliupokea kwa mikono miwili.

Kuhusu mume wako

Umeniandikia kwamba hajui. Mdogo wangu, mwambie wiki hii. Ng'ombe wale walikuwa wa baba, shamba mnalima wote, na mashine ya alizeti itakaa kwenye ua wenu. Siri ya deni huwa na tabia ya kupitia mlango usioutaka, kwa ujumbe wa simu au kwa mdomo wa jirani, na hapo kinachouma hakiwi tena fedha. Mngoje ameshakula na ametulia. Anza na maneno haya: "Nimelipa, lakini kuna karatasi haijakaa sawa, na nataka tuitafute pamoja." Atakasirika kidogo. Halafu kuna uwezekano mkubwa akakumbuka risiti moja aliyoiweka yeye kwenye koti lake la baridi.

Wazee wetu wa Ufipa walikuwa na matuta ya mviringo ambayo mengine bado mnayaona mkienda vijijini. Nyasi zilizokuwa zimeota shambani hawakuzichoma. Walizikusanya, wakazifukia kwa udongo mvua zikielekea mwisho, wakapanda maharage juu yake. Nyasi zikaoza humo ndani polepole. Mvua za mwaka uliofuata zilipokuja, walitawanya tuta lile wakasia ulezi, na ulezi ukapata chakula kwa nyasi zilezile zilizokuwa zikiwasumbua. Hakuna aliyedai kwamba nyasi hazikuwahi kuwepo. Zilikuwepo, na msimu ulipita juu yake.

Deni lako la 2019 litaonekana kwenye ripoti kwa muda. Usitumie nguvu zako kutaka lisionekane. Zitumie kuhakikisha pembeni yake pameandikwa kwamba umelipa, na chini yake pameandikwa mambo mazuri zaidi.

Jumatatu asubuhi nunua jalada la karatasi pale stendi. Tia risiti zako ndani hata kama ni moja, nakala ya kitambulisho, na barua mbili zinazofanana. Vaa sweta, maana baridi ya mji wetu unaijua. Kisha uende ukauombe muhuri wako. Ukiupata, niandikie, na safari hii uniandikie umeshakula.